Kisanduku Kilichotiwa Tiki Kabla Yako

DAKANI: maswali yenu kuhusu tovuti, simu na mtandao, yanajibiwa kutoka Langoni, Lamu

Mwezi huu nina barua nne. Tatu zimeingia kwa WhatsApp. Ya nne imeletwa kwa mkono, imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, na aliyeileta hakukaa hata kunywa maji. Hiyo ndiyo naanza nayo, kwa sababu tangu niisome sijaacha kuifikiria.

*Assalaam aleikum mwanangu. Mimi nina nyumba ya wageni Mkomani, vyumba sita, nyumba ya mamangu marehemu. Mjukuu wa dadangu ananitengenezea tovuti mpya. Juzi amenionyesha, ni nzuri, picha zinang'aa. Lakini kwenye kila chumba ameandika kwa rangi nyekundu "Kimebaki 1 tu!", na hali mwezi huu wa tano, mvua ndizo hizi, nina mgeni mmoja, naye ni mtu wetu wa Faza. Mashua ya kumtoa mgeni uwanja wa ndege Manda na chakula cha jioni ameshavitia tiki yeye mwenyewe. Mgeni asipoviondoa, atalipa. Kitufe cha kubuku ni kikubwa, cha kijani. Anayetaka kufuta, lazima apige simu. Nikamuuliza, akanambia: "Bibi, huo ni urembo tu wa tovuti, kila mtu anafanya. Usipofanya wenzako watakumaliza." Roho yangu haikutulia lakini sikuwa na la kumjibu. Nambie, ni urembo tu? Mwenye nyumba, Mkomani.*

Wa aleikum salaam mamangu, na shikamoo. Si urembo. Na la kumjibu unalo, umelala ndani yake miaka yote.

Nyumba hiyo ya mama yako, Mungu amrehemu, bila shaka ina daka nje, ule ukumbi wa mlangoni, na mabaraza ya mawe pande mbili. Mgeni akija hukaa pale kivulini mpaka aambiwe karibu. Akiingia hupita tekani, ukumbi mdogo wa ndani ya mlango, na tekani haimwachi jicho lake liende moja kwa moja mpaka kiwandani, yaani uani mwa nyumba. Lazima apinde kwanza, na waliomo wapate nafasi ya kujistiri. Mbele ya kiwanda ndipo kuna misana, zile kumbi ndefu za kukaa, kisha ndani. Hakuna kibao kilichoandikwa "usichungulie". Ukuta umeshasema. Fundi aliyejenga alijua mguu wa mtu utasimama wapi na jicho litakwenda wapi, akapanga mawe yake kwa kujua hivyo. Ukimwambia mtu wa Mkomani kuwa tekani ni urembo, atakuuliza umezaliwa wapi.

Tovuti hujengwa vivyo hivyo. Kijana wako aliponenepesha kitufe kimoja na kukificha kingine, aliamua mkono wa mgeni uende wapi. Alipotia tiki, alijibu swali ambalo mgeni hajaulizwa. Huenda hakuyafikiria kwa maneno haya. Huenda amenakili alichokiona kwenye tovuti kubwa, na simlaumu sana kwa hilo, maana sote tumejifunza kazi kwa kunakili. Lakini mgeni hatalipishwa na nia ya kijana. Atalipishwa na tiki.

Na tiki ina nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Eric Johnson na Daniel Goldstein, walilinganisha nchi za Ulaya: ni wangapi wanahesabiwa kuwa wamekubali viungo vyao wapewe wagonjwa pindi wakifa. Ujerumani ilikuwa asilimia 12. Austria, jirani yao wa lugha moja, ilikuwa asilimia 99.98. Mtu akiitazama hesabu hiyo harakaharaka atasema Waustria wana huruma zaidi. Sivyo. Ujerumani ukinyamaza unahesabiwa umekataa, Austria ukinyamaza unahesabiwa umekubali. Watu wengi hunyamaza. Basi anayeamua maana ya kimya ndiye aliyeamua karibu kila kitu, hata kwenye jambo zito kama mwili wa mtu. Chakula chako cha jioni ni jambo jepesi zaidi. Ndiyo maana mgeni aliyechoka na safari hatakitazama.

Nimeonja hilo mwenyewe. Mwaka juzi nilimkatia mamangu mdogo tiketi ya ndege ya kwenda kuonana na daktari Nairobi. Nilikuwa na wasiwasi, nilikuwa nabofya upesi. Chini kabisa ya ukurasa palikuwa na bima imeshatiwa tiki kwa herufi ndogo, nikaja kuiona kwenye risiti. Hazikuwa pesa nyingi, lakini ndizo tulizokuwa tumezitenga kwa teksi. Mimi hii ni kazi yangu na imenipita. Sasa mgeni wako asiyejua kitu?

Kijana anasema kila mtu anafanya. Mwambie wanaofanya wameanza kubanwa. Wageni wako wengi wanatoka Ulaya, na kule sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 inasema malipo ya ziada yaliyotiwa tiki kabla, mteja ana haki ya kurudishiwa. Februari 2019, mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilizibana tovuti sita za kubuku hoteli, Booking.com, Expedia na Agoda zikiwamo, zikakubali kuacha kumbabaisha mteja kuhusu vyumba vilivyobaki, na kuonyesha gharama zote za lazima kwenye bei tangu mwanzo. Huko kufuta kwa simu nako kuna kisa chake. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Amazon ikisema kujiunga na Prime, huduma yao ya uanachama wa kulipia, ni rahisi mno, na kutoka ni kurasa nne, mibofyo sita na machaguo 15. Ndani ya kampuni, njia hiyo ya kutokea waliiita Iliad, jina la utenzi wa Wagiriki wa vita virefu. Walioipa jina walijua wanachokijenga. Septemba 2025 kesi iliisha kwa makubaliano ya dola bilioni 2.5, bila kampuni kukiri kosa, na bilioni 1.5 kati ya hizo ni za kurudishia wateja.

Wewe huna dola bilioni, mamangu, lakini una jambo ambalo hao hawana: mgeni wako mtaonana uso kwa uso. Atashuka gatini, atabebewa begi, atakuja kukaa pale dakani, na siku ya kuondoka atauliza hiki cha jioni nilichotozwa ni kipi, mimi nilikula kule Shela. Wakati huo kijana yuko kwenye simu yake. Atakayeona haya ni wewe, kwenye nyumba ya mama yako.

Basi mwambie afanye hivi. "Kimebaki 1 tu" aiache pale ambapo ni kweli kimebaki kimoja, kama wakati wa Maulidi au Desemba. Hapo unamsaidia mgeni aamue. Mwezi wa tano aiondoe. Kufuta kufanyike pale palipobukiwa, kwa kitufe kinachoonekana. Simu ibaki kwa anayependa kuzungumza. Mashua ya Manda usiifiche hata kidogo: mgeni wa mara ya kwanza hajui kuwa uwanja wa ndege uko kisiwa kingine. Iandike juu, bei yake ubavuni, kisanduku kitupu, na sentensi moja ya kueleza kuwa lazima avuke maji.

Hapo najua kijana atakuuliza: kisanduku kitupu si chaguo pia? Ni chaguo. Hakuna namna ya kujenga ukurasa usioelekea popote, kama vile hakuna nyumba isiyo na mlango upande wowote. Mimi hujiuliza hivi: mtu asiyesoma, aliyepita tu kwa haraka, ataumia wapi zaidi? Asipoiona mashua, atawasili Manda na kukuta mashua nyingine gatini, atalipa mwenyewe, atafika. Asipokiona chakula, atakula mjini. Lakini tiki ikiwa imeshatiwa, atalipia asichokitaka na asijue. Hesabu hiyo huipigi kwa kompyuta. Na kijana akitaka kuongeza kisanduku cha "nitumie matangazo", nacho kiwe kitupu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya hiari, iliyotolewa kwa kauli au kwa kitendo kilicho wazi, na kunyamaza si kitendo.

*Salaam Mwalimu. Sisi ni vijana tunaosaidia akina mama wasuka mikeka Kipungani. Tumetengeneza fomu ya mtandaoni wajiandikishe ili wapate wanunuzi wa nje. Wiki ya tatu sasa, wengi wameifungua, waliomaliza wanahesabika kwa vidole. Wenzangu wanasema akina mama hawajui mtandao, tuombe pesa tuwafanyie semina. Unaonaje?*

Ndugu zangu, msiombe pesa bado. Mlisema hivyo kama nilivyosema mimi, na nilikosea, tena nilikosea kwa kiburi.

Miaka kadhaa nyuma nilitengeneza fomu kama hiyo kwa wanawake wanaoshona kofia hapa mjini. Nilinakili fomu ya kigeni, nikaitafsiri vizuri kwa Kiswahili, nikaridhika. Wakaifungua, wakaiacha. Nami nikasema ni elimu. Alasiri moja nikaenda kwa mmoja wao, nikakaa naye kwenye mkeka, nikamwomba aijaze nami niko, nikajizuia kumsaidia. Hiyo ya kujizuia ndiyo kazi ngumu.

"Jina la kwanza" akaandika. "Jina la ukoo" akasimama. Akaniuliza: waniandike kwa baba, kwa babu, au kwa mume? Sisi huku mtu ni jina lake, la baba yake, la babu yake, na mwanamke haolewi akabadilishwa jina. Nikamwambia andika lolote. Akanitazama kama niliyemwambia adanganye. Kisha "Nambari ya nyumba". Kwenye vichochoro vyetu nyumba hujulikana kwa mwenyewe au kwa msikiti ulio karibu. Nambari yake haijui hata aliyezaliwa ndani. Kisha "Msimbo wa posta". Kisha "Barua pepe", na nyota nyekundu ya kusema huwezi kupita bila hiyo. Akaiweka simu chini akasema, taratibu kabisa, "Hii si yangu mimi, ni ya watu wengine."

Mwanamke huyo anatuma na kupokea pesa kwa M-Pesa kila siku, na anaweka hesabu ya uzi, ya kofia na ya madeni kichwani bila kukosea. Hajui mtandao? Fomu yangu ndiyo iliyokuwa haimjui yeye.

Nikafuta karibu yote. Nikaacha: jina lako kamili kama unavyoitwa, mtaa wako, na msikiti au duka lililo karibu, nambari ya simu, unashona kofia ya aina gani. Juma lile lile wakajaza karibu wote. Waliobaki walijaziwa na binti zao.

Kwa hivyo chukueni mashua au bodaboda mwende Kipungani, mkakae na akina mama watatu tu, mmoja mmoja. Msifundishe. Tazameni kidole kinaposimama, na pale kinaposimama mwandike. Kila sehemu yenye nyota nyekundu mjiulize kwa nini mliitaka. Mkikuta jibu ni "kwa sababu fomu zote zina", iondoeni. Hasa barua pepe, kama kweli mnunuzi atawapigia simu. Mkimaliza hayo na bado kuna aliyeshindwa, ndipo mzungumze habari ya semina, na mniite nije bure.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne, Malindi. Nafungua simu niangalie kitu kimoja tu, nikija kushtuka ni saa sita usiku. Mama anasema ni uvivu. Ni kweli?*

Marahaba mwanangu. Mama ana haki ya kukuhimiza, lakini uvivu peke yake hauelezi jambo hili. Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho. Ukifika chini ulikuta "ukurasa unaofuata", na kubofya au kutobofya ilikuwa shauri lako. Mwaka 2006 mtaalamu wa Marekani, Aza Raskin, alibuni njia ya kuuondoa mwisho huo, vitu viendelee kujileta vyenyewe kadiri unavyosukuma kidole. Alitaka kumpunguzia mtu kazi. Baadaye amesema waziwazi kuwa anajuta, kwa sababu pale penye kibofyo palikuwa ndipo mtu anapopata kupumua na kujiuliza kama bado anataka. Wewe umenyang'anywa pa kupumulia, tena na watu wanaolipwa kwa kila dakika unayokaa.

Mtihani wa taifa uko mbele yako, kwa hivyo sitakupa maneno mengi. Zima video zinazojicheza zenyewe. Zima arifa zote isipokuwa simu na ujumbe wa watu. Mtandao wa kijamii uufungue kupitia kivinjari na uiondoe ile programu yake, kwa sababu kule, ukiwa unatoka kwenye akaunti kila ukimaliza, inakubidi kuandika nywila, na hapo katikati utajikumbuka. Usiku simu ichajiwe chumbani kwa mama. Mpelekee mwenyewe kabla hajaidai.

*Dada Mwalimu, salaam. Mimi ni nahodha, napeleka wageni Manda Toto. Nimelipa nusu ya pesa ya tovuti. Ina video kubwa ya bahari juu, na maandishi membamba ya kijivu. Nikiwa gatini siyasomi hata mimi. Fundi anasema ndiyo mtindo wa kisasa. Nimlipe salio?*

Wa aleikum salaam, nahodha. Usimlipe bado, ila mweleze kwa upole na umpe kipimo, si hasira.

Kipimo kipo. Muungano wa viwango vya wavuti, W3C, ulioasisiwa na Tim Berners-Lee, yule yule aliyebuni wavuti, umeweka kanuni: herufi za kawaida zitofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Kijivu hicho hafifu mafundi wanachokipenda mara nyingi hakifiki hata 3 kwa 1. Kuna vikokotoo vya bure mtandaoni vya kupima. Aingize rangi zake mbili, atapata jibu papo hapo. Wanaochagua kijivu hukichagua ndani ya chumba chenye kivuli, mbele ya kioo kikubwa. Mteja wako yuko juani, kioo chake kimepasuka pembeni, na macho yake huenda ni ya mtu wa miaka 60 aliyeacha miwani hotelini.

Video iondoke, iwekwe picha moja. Sekunde chache za video hiyo zinaweza kula megabaiti 10 za bando la mtu kabla hajaona bei wala nambari yako, na mtandao ukiwa mzito ataona duara linazunguka tu. Bei, saa ya kuondoka, unapoondokea na nambari ya simu viwe juu kabisa, vionekane bila kusukuma kidole.

Akisharekebisha, mchukue saa sita mchana mpaka ukingoni mwa gati la Shela, jua likiwa utosini, mpe simu yako ya bei rahisi na si yake, umwambie asome bei kwa sauti. Akiisoma, mlipe palepale.